Mbunge Akihama, Kiti ni cha Nani?

Wasikilizaji, leo nina neno juu ya wanasiasa wanaohama vyama wakiwa na viti mkononi. Mbunge akihama, au diwani, arudi kwa waliompigia kura au aendelee kukaa?

Sisi wa Tabora tunayo haki ya kulisemea jambo hili. TANU ilipopata mpasuko wake mkubwa wa kwanza, ilikuwa hapa hapa. Mkutano mkuu wa mwaka ulikaa Tabora Januari 1958, na hoja mezani ilikuwa chungu: serikali ya kikoloni imeleta uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Wajumbe wengi walifika wakiwa tayari kususa. Mwalimu Nyerere akawageuza, na mpaka leo wanachama wanauita Uamuzi wa Busara. Mwenzao Zuberi Mtemvu hakugeuka. Akatoka, akaunda African National Congress, na mwaka 1962 akasimama kumkabili Nyerere katika uchaguzi wa rais. Alipata kura 21,000 na ushei. Mwenzake alipata zaidi ya milioni 1.1. Haukupita muda mrefu Mtemvu akarudi TANU.

Ninachompendea Mtemvu ni kimoja. Alipotoka hakuondoka na kiti cha mtu. Aliondoka na msimamo wake, akaupeleka kwa wananchi, wananchi wakamjibu, tena wakamjibu vibaya. Hapo hakuna deni.

Tabora imeona wahamaji wengine, na wakubwa. Chifu Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa waziri wa sheria katika serikali ya kwanza ya uhuru. Mwaka 1963 akaachana nayo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 akawa mbele kabisa, na chama chake cha UMD. Miaka ikaenda, akarudi CCM, na mpaka anafariki mwaka 2007 alikuwa mzee wa kuheshimiwa kila upande. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: kuhama chama si dhambi. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kujumuika na anaowataka, na mtu mwenye akili anaweza kubadili mawazo. Ninayemzungumzia ni yule anayebadili mawazo huku amekalia kura zetu.

Sasa, sheria inasemaje? Wengi hawajui kwamba kwetu swali hili lilishajibiwa. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa au kuteuliwa, ubunge wake umekwisha. Hapo hapo. Spika anamwandikia mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi kwamba kiti kiko wazi, Tume inatangaza tarehe, jimbo linarudi kwenye foleni. Wenzetu wengine bado wanagombana kama kanuni hiyo iwepo au isiwepo. Sisi tunayo tangu zamani.

Mtu atauliza, basi wewe unalalamika nini? Nalalamika kwa sababu nimeiona kanuni hiyo ikifanya kazi, na haikufanya kazi kwa niaba yangu mimi mpiga kura.

Turudi mwishoni mwa mwaka 2017. Lazaro Nyalandu wa Singida Kaskazini alikuwa ameanza, Oktoba, kwa kutoka CCM na kuachia ubunge, akaenda CHADEMA. Kisha upepo ukageuka na kuvuma kwa nguvu upande wa pili. Tarehe 2 Desemba Maulid Mtulia wa Kinondoni akaachia kiti alichopewa kwa tiketi ya CUF. Wiki mbili hazijaisha, Dk. Godwin Mollel wa Siha naye akaachia cha CHADEMA. Sababu ikawa moja, nanyi mnaikumbuka maana ilikuwa kama wimbo: nimeamua kuunga mkono juhudi za Rais. Madiwani walikuwa wamekwisha kutangulia. Tarehe 26 Novemba mwaka huo kulikuwa na uchaguzi mdogo katika kata 43, baadhi yake zilizoachwa wazi na waliohama, na CCM ikachukua 42.

Mtulia na Mollel wakateuliwa na chama kipya kugombea viti vile vile walivyoachia, na tarehe 17 Februari 2018 wote wawili wakashinda. Hapo ndipo pa kutazama. Mwaka 2015 wana Kinondoni zaidi ya 70,000 walimpigia Mtulia kura akiwa CUF. Mwaka 2018, akiwa CCM, alishinda kwa kura 30,000 na ushei, katika jimbo lenye waliojiandikisha zaidi ya 260,000. Waliojitokeza, kwa wagombea wote, hawakufika 50,000. Waliobaki walikaa nyumbani, wakauza vitumbua, wakaenda kazini. Na siku moja kabla ya kura, polisi wakitawanya maandamano ya wapinzani, risasi ilimkuta binti mwanafunzi wa chuo akiwa ndani ya daladala, akafa. Binti yule hakuwa hata kwenye maandamano.

Kwa sheria, Kinondoni walirudishiwa haki yao ya kuamua. Kwa macho yangu, walirudishiwa mtu yule yule akiwa amebadilisha shati.

Na Kinondoni walau walipiga kura. Mwishoni mwa 2018 mambo yalipungua ladha zaidi. Babati Mjini, Simanjiro, Serengeti, kisha Temeke: waliohama walisimama tena, na wakapita bila kupingwa. Naomba niwaeleze kupita bila kupingwa kulivyokuwa, kwa wale ambao hawajawahi kukaa nje ya ofisi ya msimamizi wa uchaguzi siku ya uteuzi. Mgombea ana fomu. Fomu inataka wadhamini 25 waliojiandikisha jimboni, kila mmoja na namba ya kadi yake na saini yake. Inataka muhuri wa chama, kiapo, picha, na risiti ya dhamana ya shilingi 50,000. Mchana kutwa watu wanatoka na kuingia. Mmoja anarudishwa kwa sababu mdhamini amesaini pasipo pake. Mwingine ameandika jina la chama kwa kifupisho. Mwingine alifika akakuta mlango umefungwa na mhusika hayupo. Ikigonga saa kumi jioni, uteuzi umefungwa. Aliyebaki na fomu safi ni mmoja. Msimamizi anatangaza, watu kumi na tano wanapiga makofi uwanjani, na jimbo lina mbunge. Hakuna karatasi ya kura iliyochapwa wala kidole kilichotiwa wino.

Hata enzi za chama kimoja hatukufanya hivyo kwa rais. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekuwa hana mpinzani hata wa kusingizia, alipigiwa kura ya ndiyo na hapana, na mtu wa Isevya hapa Tabora aliyetaka kusema hapana alikuwa na mahali pa kuweka alama. Nashukuru sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imelirudisha wazo hilo: mgombea akibaki peke yake, wananchi wanaulizwa ndiyo au hapana. Ni hatua nzuri, ingawa imekuja wakati waliopita kwa mlango ule walishapita.

Nataka twende kwenye mzizi, maana mzizi ndio unaoeleza kwa nini kanuni nzuri ilizaa matunda ya namna hii. Na kwa mzizi huu mtaniruhusu niingie kwenye historia ya barabara yetu.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe na kuteremka hadi Uvinza na Ujiji, ilibebwa na mabega ya Wanyamwezi. Pagazi alichukua pembe ya frasila mbili au robota la vitambaa, kirangozi akiwa mbele na bendera. Na utoro ulikuwa ugonjwa wa kila msafara. Burton alipofika hapa mwaka 1857 alikuwa amechoka nao, na Stanley mwaka 1871 alifikia kuwatia minyororo waliokamatwa. Lakini kazi ilikuwa na heshima yake. Wengi wa watoro hao waliutua mzigo chini, kamili, ndipo wakaingia porini. Kuondoka nao ilikuwa aibu, kwa sababu mzigo haukuwa wao. Na haukuwa wa kirangozi pia. Mwenye mali alikuwa mwingine kabisa, amekaa pwani anasubiri.

Katiba yetu inamwambia mbunge: ukitoka kwenye msafara, tua mzigo. Sawa kabisa. Kosa lake ni kwamba mzigo uliotuliwa inamkabidhi kirangozi. Kiti kimefungwa kwenye kadi ya chama, na kadi ni mali ya chama. Ibara ya 67 inataka kila mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigana na kifungo hicho maisha yake yote. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Katiba ikabadilishwa kuuzima ushindi wake. Akashinda tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikamnyima mwaka 2010. Akaenda kwenye Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, nayo mwaka 2013 ikasema Tanzania inakiuka haki za watu wake kwa kuzuia mgombea binafsi. Mpaka leo mgombea binafsi hayupo kwenye karatasi zetu za kura.

Matokeo yake tumeyaona kwenye barabara hii hii. Desemba 2011 NCCR-Mageuzi ilimvua uanachama David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, jimbo la Uvinza na Nguruka. Hakuwa amehama. Aligombana na viongozi wake. Kikao kikakaa, kikapiga kura, na kwa maneno ya Katiba ubunge ulikuwa umekwisha, ingawa hakuna mvuvi wa Ilagala wala mchoma chumvi wa Uvinza aliyeulizwa. Kilichomwokoa ni mahakama, akabaki bungeni. Na mwaka 2014 ndiye huyo huyo aliyesimama kidete kwenye sakata la fedha za akaunti ya Escrow mpaka Mwanasheria Mkuu wa Serikali akamwita tumbili ndani ya Bunge. Hebu fikirini kama ile kura ya kikao ingesimama: sauti ile ingezimwa miaka miwili na nusu kabla ya Escrow, na wenye jimbo wangelisikia sakata lenyewe redioni kama sisi wengine. (Najua Kafulila mwenyewe baadaye alihamia CHADEMA, kisha CCM. Lakini alihama akiwa hana kiti, kwa hiyo hana deni langu.)

Wenzao wa Kigoma Kaskazini walipata jingine. Zitto Kabwe na CHADEMA walifika mwisho Machi 2015, akaaga Bunge, akaenda ACT-Wazalendo. Kwa kuwa Bunge lilikuwa limebakiza chini ya miezi 12, Katiba inasema hakuna uchaguzi mdogo. Jimbo likakaa bila mbunge mpaka Oktoba. Zitto alirudi bungeni kupitia Kigoma Mjini, akala kiapo, mambo yakaenda. Waliolala njaa ya uwakilishi ni watu wa kaskazini ya Kigoma, ambao kosa lao silijui.

Viti maalumu ndiyo balaa kubwa zaidi. Profesa Ibrahim Lipumba ni mtoto wa hapa, wa Ilolangulu, na namsema kwa heshima ya nyumbani. Alijiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015, mwaka uliofuata akasema amebadili nia, chama kikapasuka vipande viwili. Julai 2017 upande wake ukawafukuza wabunge wanawake wanane wa viti maalumu waliokuwa upande wa katibu mkuu, Maalim Seif. Spika akapokea barua na ndani ya siku chache viti vikatangazwa kuwa wazi, wengine wakaingia. Sasa linganisheni na hili: Novemba 2020 wanawake 19 wa CHADEMA wakiongozwa na Halima Mdee waliapishwa, na siku tatu baadaye chama chao kikawavua uanachama. Wao walikata rufaa kwenye chama, kisha wakaenda mahakamani, na walikaa bungeni mpaka Bunge lilipovunjwa mwaka 2025. Ibara ni ile ile. Wanane waliondoka kwa siku, 19 walikaa karibu miaka mitano. Sheria inayoweza kutoa majibu mawili yaliyo mbali hivyo, kutegemea nani anaandika barua na nani anaipokea, haijakamilika.

Kaliua nao wana hadithi yao, na kwangu ni ngumu kuliko zote. Mwaka 2015 walimchagua Magdalena Sakaya kwa tiketi ya CUF, wakati CUF ikiwa ndani ya Ukawa, muungano wa wapinzani, pamoja na CHADEMA. Chama kilipopasuka, Sakaya akabaki na Lipumba, akapewa hata kukaimu ukatibu mkuu. Upande wa pili ukamwona msaliti. Je, huyu alihama? Kadi yake ni ile ile, bendera ile ile. Lakini Ukawa iliyoombewa kura kwa jina lake haikuwepo tena. Chama kilihama, mbunge akabaki pale pale. Hakuna ibara iliyoandikwa kwa ajili ya chama kinachomhama mpiga kura, na mimi sijui ingeandikwaje bila kuwapa mahakimu kazi ya kuamua ipi ni CUF ya kweli. Nakubali kushindwa hapo.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, Katiba yao nayo inasema mbunge anayekiacha chama chake anapoteza kiti. Mwishoni mwa 2020 Rais Tshisekedi alipoanzisha Muungano Mtakatifu wake, wabunge wa upande wa rais wa zamani, Kabila, wakahamia huko makundi kwa makundi, na Januari 2021 wakaiangusha serikali, wakiwa bado wamekaa kwenye viti vyao. Kanuni ilikuwepo kwenye karatasi.

Kenya walianza mapema zaidi, na namna walivyoanza inatufundisha tuwe macho. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU, akaongoza KPU, na wabunge na maseneta karibu 30 wakamfuata. Serikali ikaibadilisha Katiba haraka haraka: aliyehama lazima arudi kwa wapiga kura. Wakauita Uchaguzi Mkuu Mdogo. KPU ikarudi na viti tisa tu, ingawa kura zake kwa jumla hazikuwa chache hata kidogo, na mwaka 1969 ikapigwa marufuku kabisa. Kanuni ile ile ninayoitetea mimi leo, pale ilitungwa kama fimbo ya kuwapiga watu maalumu. Kwa hiyo mtu akija na hoja ya kurudia uchaguzi, mwulize kwanza: itamgusa nani, na itamwacha nani?

Uingereza hawana sheria hiyo. Mbunge akivuka sakafu anakaa upande mpya na maisha yanaendelea. Hata hivyo Agosti 2014 Douglas Carswell alipotoka Conservative kwenda UKIP alijiuzulu kwa hiari, akarudi Clacton, watu wakamchagua upya Oktoba. Wa namna hiyo ni wachache huko pia.

Hapa wapo watakaoniambia: mzee, uchaguzi mdogo ni gharama, fedha hiyo ingejenga zahanati. Hoja hiyo naisikia kwa sikio moja, maana wanaoitoa huwa ni wale wale waliohama. Lakini ipo hoja nzito ambayo siikwepi: wengi wetu tunachagua chama. Mnasikia vijiweni, "chama changu hata kikisimamisha jiwe nalipigia". Kama ni hivyo, kiti ni cha chama, na chama kikijaze. Tume ya Jaji Warioba ya kuandaa Katiba mpya ilifikiria njia ya karibu na hiyo. Rasimu yake ya mwaka 2013 ilitaka uchaguzi mdogo ufutwe, kiti cha mbunge wa chama kikiwa wazi kijazwe na mtu mwingine wa chama hicho kutoka orodha iliyokwisha kupelekwa Tume ya Uchaguzi. Ingeua biashara ya kuhama mara moja, kwa sababu anayehama hana kiti cha kwenda kukigombea tena. Nilivutiwa nayo wakati ule. Leo sivutiwi tena, kwa sababu ya Igunga.

Igunga, Julai 2011, Rostam Aziz aliachia ubunge aliokuwa nao tangu miaka ya 1990. Hakuhama, alibaki CCM. Ilikuwa zama za CCM kujivua gamba, naye akasema amechoshwa na siasa uchwara. Kwa hiyo Igunga si kisa cha mhamaji, lakini ni kisa kamili cha uchaguzi mdogo wenye ushindani, na kilitokea mlangoni kwetu. Nani asiyekumbuka? Helikopta zikitua mahali ambapo gari la wagonjwa lilikuwa halifiki. Watoto wakikimbilia vumbi lake. Mawaziri wakilala kwenye nyumba za wageni za mji ule mdogo mpaka bei ya chumba ikapanda. Kulikuwa na fujo pia, na matusi, na mahindi ya msaada yaliyogawiwa wakati wenye shaka walikuwa na haki ya kushuku. Tarehe 2 Oktoba Dk. Dalaly Kafumu wa CCM akapata kura 26,484, Joseph Kashindye wa CHADEMA 23,260. Waliopiga kura hawakufika theluthi ya waliojiandikisha, nalo lilikuwa doa. Kashindye akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikatengua matokeo mwaka 2012, na moja ya mambo yaliyojaa kwenye kesi ilikuwa ahadi ya daraja la Mbutu iliyotolewa jukwaani na waziri wa ujenzi wa wakati huo, John Magufuli. Mahakama ya Rufani ikamrudishia Kafumu kiti mwaka 2013.

Na daraja likajengwa, na wakandarasi wa Kitanzania. Wasiojua Mbutu ni hivi: masika yakishika, mto ule ulikuwa unakata Igunga vipande viwili. Mwenye pamba alikaa nayo, mama mjamzito alisubiri ng'ambo, na kila mwaka maji yalikuwa yakichukua watu. Miaka mingi ya kupiga kura kwa mazoea haikulileta daraja lile. Lililetwa na hofu ya kura 3,224, tofauti ya wa kwanza na wa pili. Mahakama ikajadili kama ahadi ile ilikuwa halali wakati wa kampeni, na wanasheria wana yao ya kusema. Mtu wa Mbutu anavuka.

Ndiyo maana nataka kura irudiwe, tena ya kweli. Mjumbe aliyetoka kwenye orodha ya chama hamwogopi mtu wa Mbutu. Anamwogopa aliyemwandika kwenye orodha. Anayehama kwa hiari arudi jimboni, lakini kwa maoni yangu asiruhusiwe kugombea kiti hicho hicho kabla ya uchaguzi mkuu unaofuata. Wengine wataniona mkali. Nasema hivi: kama kweli ni imani imemtoa, imani itamtunza miaka miwili mitatu nje ya Bunge. Mtemvu ilimtunza. Nyalandu naye hakurudi kugombea kiti alichoachia kwenye uchaguzi mdogo, ingawa mwaka 2021 alirudi alikotoka. Tungelikuwa na kanuni hiyo mwaka 2017, nadhani juhudi zingeungwa mkono na wabunge wachache zaidi.

Anayefukuzwa na chama ni habari nyingine, na hapo sitaki kikao cha watu 50 Dar es Salaam kivunje kura za watu 50,000 wa Uvinza. Chama kimnyang'anye kadi, ni haki yake. Kiti abaki nacho kama mbunge asiye na chama mpaka muda uishe, au wenye jimbo wapewe nafasi ya kumwondoa wenyewe. Haki hiyo ya kumwajibisha mbunge katikati ya kipindi nayo ilikuwemo kwenye rasimu ya Warioba, ikapotea njiani. Mbunge kubaki bila chama hakuwezekani bila kumfungulia mlango mgombea binafsi, na ndiyo sababu vyama vyote, vikubwa kwa vidogo, huwa vinakohoa hoja hiyo ikitajwa. Upinzani unaolia kwa kuporwa wabunge ndio huo huo unaowafukuza wabunge kwa kikao cha usiku. Wa viti maalumu hawana jimbo la kuwarudisha, kwa hiyo kwao napendekeza mahakama pekee itamke, kwa muda uliopangwa kisheria, tuseme siku 60, ili asiwepo wa kuondolewa kwa siku chache wala wa kukaa miaka mitano.

Tunaingia kwenye taarifa ya habari sasa hivi. Baada yake simu zitakuwa wazi, na mada ni hii hii. Wa Igunga najua mtajaza laini, mmezoea. Leo lakini naanza na Nguruka na Uvinza kama mawasiliano yatakubali, kwa sababu Desemba 2011 kiti chao kilijadiliwa kila mahali isipokuwa kwao.